Maswali na Majibu: Karama hutoka kwa Roho, mimbari hutoka kwa nani?

Barua nyingi za mwezi huu zimeelekea upande mmoja, nao ni nafasi ya mwanamke na mwanamume katika huduma. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake yamo maswali ya wengine wengi walioandika, na hizo nyingine tatu nitazipitia kwa kadiri ya uzito wake.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama mkazi wa Iringa. Kwa muda mrefu nimekuwa nikifundisha Neno katika ibada za katikati ya wiki, na waumini, wanaume kwa wanawake, wamekuwa wakisema kwamba wanajengwa. Tulipopata mchungaji mpya alinieleza kwa upole kwamba naweza kuwafundisha akina mama na watoto wa shule ya Jumapili, lakini wanaume wakiwapo nisifundishe, nitoe ushuhuda tu. Sasa siku nikipewa nafasi, mzee wa zamu huteremsha stendi ya kusomea kutoka madhabahuni, akaiweka chini ya ngazi karibu na viti vya kwaya, kisha hunitambulisha kuwa mama atakayetushirikisha ushuhuda. Nasoma andiko lilelile na kulieleza vilevile kama zamani. Lakini Ijumaa ya kwanza ya Machi, kwenye Maombi ya Dunia, akina mama tunapanda sote juu, tunahubiri, wala hakuna anayesema neno. Je, karama yangu inaishia kwenye ngazi? Nikinyamaza, namzimisha Roho? Nikisema, naasi? — *Mama, Iringa*

JIBU: Mama yangu, barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kamba moja, na ugomvi mwingi ninaoushuhudia makanisani hutokana na kutaka kuyajibu yote kwa pumzi moja. Swali la kwanza ni la karama: je, Roho Mtakatifu humpa mwanamke uwezo wa kufundisha, kutabiri na kuongoza kwa ajili ya kulijenga kanisa zima? Swali la pili ni la madaraka: je, kanisa linaweza kumwekea mwanamke mikono na kumkabidhi uangalizi wa kundi, yaani uaskofu, uchungaji au uzee wa kanisa? La kwanza Maandiko yanalijibu kwa uwazi kuliko wengi wetu tulivyozoea kudhani. La pili limewagawa Wakristo waaminifu kwa karne nyingi na bado linawagawa, na mtu yeyote akikuambia kwamba ni jepesi, ujue hajalisoma vya kutosha.

Tuanze na la kwanza. Agano Jipya lina orodha kadhaa za karama, katika 1 Wakorintho 12, Warumi 12, Waefeso 4 na 1 Petro 4, na hakuna hata moja inayotenga karama za wanaume na karama za wanawake. Paulo anasema kwamba Roho hugawa "akimgawia kila mtu peke yake kama apendavyo yeye," na kwamba kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho "kwa kufaidiana". Siku ya Pentekoste Petro, akiwa na maneno ya nabii Yoeli mdomoni, alitangaza kwamba wana na binti watatabiri, na Luka hakuliacha jambo hilo hewani, kwa maana katika Matendo 21 anatupeleka Kaisaria, nyumbani kwa Filipo mwinjilisti, aliyekuwa na binti wanne waliokuwa wakitabiri. Hata kabla ya hapo, kitabu cha torati kilipopatikana hekaluni wakati wa mfalme Yosia, Yeremia alikuwa amekwisha kuitwa kuwa nabii, na bado kuhani Hilkia na wenzake hawakwenda kwake bali kwa Hulda, mke wa Shalumu, aliyekuwa akikaa Yerusalemu. Wanaume watano wakubwa wa serikali na hekalu walipokea neno la Bwana kutoka kinywani mwa mwanamke, wakalipeleka kwa mfalme, na taifa zima likatengenezwa kwa neno hilo.

Najua utaulizwa kuhusu 1 Wakorintho 14, kwamba wanawake na wanyamaze katika kanisa. Mwulize anayekuuliza aisome barua yote. Katika sura ya 11 Paulo anatoa maelekezo marefu kuhusu kichwa cha mwanamke anapoomba au anapotabiri mbele ya kusanyiko, na hakuna mtu anayetoa utaratibu wa kufanya jambo ambalo anakusudia kulipiga marufuku sura tatu mbele. Tena katika sura hiyo ya 14 wanaoambiwa wanyamaze ni makundi matatu, si moja: mnenaji wa lugha asiye na mfasiri, nabii anayeongea wakati mwenzake amepata ufunuo, na wanawake waliokuwa, kama mstari wa 35 unavyoonyesha, wakiuliza maswali katikati ya ibada badala ya kuwauliza waume zao nyumbani. Makundi mawili ya kwanza tumeyaelewa siku zote kuwa wanyamaze kwa wakati fulani na kwa sababu fulani. Sioni haki ya kulichukua la tatu peke yake na kulifanya kuwa ukimya wa maisha.

Andiko gumu kwelikweli ni 1 Timotheo 2:12, "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume, bali awe katika utulivu." Hapa nakuomba umtendee haki mchungaji wako, kwa sababu yeye hakulitunga. Wanaoliona kuwa agizo la nyakati zote wana hoja yenye nguvu: Paulo hataji desturi ya mji wa Efeso, anataja uumbaji, kwamba Adamu aliumbwa kwanza, ndipo Hawa. Wanaoliona kuwa agizo lililolenga hali fulani nao wana hoja zao. Barua yote inapambana na mafundisho ya uongo yaliyokuwa yameingia Efeso, na sura ya 5 inaonyesha kwamba wajane vijana waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba walikuwa wakisema maneno yasiyowapasa. Mistari michache kabla, Paulo huyohuyo anakataza kusuka nywele, dhahabu na lulu, na makanisa mengi yanayoushika mstari wa 12 kwa mikono miwili yana kwaya ya akina mama ambayo ingefungiwa nje kama mstari wa 9 ungeshikwa vivyo hivyo.

Kwangu mimi jambo linaloamua mengi ni Prisila. Paulo alimwacha Efeso, mji uleule, pamoja na mumewe Akila, na hapo ndipo walipomchukua Apolo, mtu msemaji na hodari katika Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Wengine husema kwamba hilo lilikuwa fundisho la nyumbani, si la kanisani. Lakini Paulo alipowaandikia Wakorintho akiwa Efeso aliwapa salamu za Akila na Prisila pamoja na kanisa lililokuwa katika nyumba yao. Huo mpaka kati ya sebule na kanisa tunaoutegemea sisi, wao hawakuwa nao. Na katika 2 Timotheo, miongoni mwa barua zinazohesabiwa kuwa za mwisho za Paulo, mtu wa kwanza anayesalimiwa ni Prisila. Kama mstari wa 12 ungekuwa na maana kwamba mwanamke asimfundishe mwanamume chochote popote, basi Timotheo angekuwa na kesi ya kumfungulia mwanamke ambaye mwalimu wake anamtumia salamu.

Sasa swali la pili. Kuna askofu wa kale ambaye napenda watu wa pande zote mbili wamsome, Yohane Krisostomo wa Konstantinopoli, aliyekufa mwaka 407. Alipofika Warumi 16:7, penye majina ya Androniko na Yunia, yeye ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake ya mama alimwelewa Yunia kuwa mwanamke, na alistaajabu jinsi hekima yake ilivyokuwa kubwa hata akahesabiwa miongoni mwa mitume. Lakini mtu huyohuyo, alipoandika juu ya ukuhani, alishikilia kwamba madaraka hayo hayakuwekwa kwa ajili ya wanawake. Hakuona mgongano wowote. Mimi hapo simfuati, na ni vizuri ujue kwamba natoka katika kanisa linalowabariki wanawake kuwa wachungaji, ili uyapime maneno yangu ukijua yanatoka upande gani. Hata hivyo namtaja kwa sababu anaonyesha kwamba mchungaji wako anaweza kabisa kushikilia kuwa uangalizi wa kanisa ni wa wanaume, akitegemea 1 Timotheo 3 inayomtaja askofu kuwa mume wa mke mmoja, bila kuikana karama yako. Anachoweza kukuzuilia kwa msingi huo ni ofisi, yaani hayo madaraka. Akikuzuilia karama yenyewe, amekwenda mbali kuliko wazee anaowategemea.

Ndiyo maana hiyo stendi ya chini ya ngazi inanisumbua kuliko msimamo wenyewe. Msimamo ungekuwa jambo la kuheshimu. Lakini kuligeuza fundisho kuwa ushuhuda kwa kulihamisha hatua tatu, na kisha kulirudisha juu Ijumaa moja ya Machi kila mwaka, ni kukiri kwamba tatizo halipo katika maneno yanayosemwa wala katika anayeyasema. Kama mwanamke kufundisha mbele ya wanaume ni dhambi, ni dhambi pia chini ya ngazi. Na kama si dhambi, mzee wa zamu apumzishwe kazi ya kubeba stendi.

Nakushauri ufanye hivi. Mwombe mchungaji nafasi ya kuzungumza naye faraghani, si baada ya ibada mlangoni, na umwulize swali moja: kinachozuiliwa ni karama au ni ofisi? Omba pia kuonyeshwa kanuni za kanisa lenu zinasemaje, kwa sababu mara nyingi mambo yanayodaiwa kuwa ni msimamo wa kanisa huwa ni mazoea ya kituo kimoja. Kubali karama yako ipimwe, kwa kuwa Paulo anataka hata manabii wapimwe, na mwalimu anayekataa kupimwa, awe baba au mama, ameanza kuharibika. Wakati huohuo usiache kuwafundisha akina mama na watoto, wala usiihesabu kazi hiyo kuwa adhabu. Timotheo, aliyeandikiwa maneno yale magumu, imani yake ilianza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Na tafadhali usiondoke na kundi la watu kwenda kufungua kanisa sebuleni kwako kwa sababu ya stendi. Kunyamaza kwa muda ili mazungumzo yafanyike hakumzimishi Roho.

SWALI: Nakusalimu kwa jina la Yesu. Nimemaliza kidato cha nne na ninatamani kusomea theolojia ili siku moja niwe kasisi wa Anglikana. Baba yangu ananikatalia. Anasema wanawake kuvaa kola ni fasheni ya Wazungu iliyoingia juzi, na mama, ambaye alikulia katika Ukatoliki, anasema kanisa lake halijawahi kukubali jambo hilo wala halitakubali. Makanisa yetu ya Afrika Mashariki yanasimama wapi? — *Binti, Kakamega*

JIBU: Binti yangu, mama yako yuko sahihi kuhusu kanisa lake, na baba yako amekosea tarehe.

Kanisa la Uingereza, ambalo ndilo chimbuko la Anglikana yote, liliwapa wanawake daraja la ukasisi kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Lakini Uganda, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikuwa amekwisha kuwawekea wanawake mikono kuwa makasisi mwaka 1983, miaka 11 kabla. Huyo hakuwa mtu wa kuiga mambo ya Ulaya. Alikuwa mtoto wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliochipuka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, na aliwahi kufundisha shule Dodoma kwa miaka mingi. Katika ushirika wa walokole wanawake walikuwa wakisimama na kushuhudia, wakikemea dhambi na kutubu mbele ya wote sawa na wanaume, kwa hiyo alipofika kwenye swali la kuwawekea mikono alikuwa amekaa miongo kadhaa akiiona kazi ya Roho ndani yao. Kwenu Kenya, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lilimbariki Nyambura Njoroge kuwa mchungaji mwaka 1982, na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini naye alichukua hatua kama ya Kivengere katika miaka hiyohiyo, wakati jimbo lake la Anglikana lilikuwa bado linajadiliana.

Kwa upande wa uaskofu mambo ni hivyohivyo. Swaziland ilipata askofu wake mwanamke, Ellinah Wamukoya, mwaka 2012, na Uingereza ikampata wa kwanza mwaka 2015. Mwaka 2021 Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na mwaka huohuo Rose Okeno akawa askofu wa Butere. Butere haiko mbali na nyumbani kwenu. Mpeleke baba akasikilize ibada moja, kisha mzungumze.

Usije ukafikiri kwamba jambo hili limekwisha kila mahali. Nchini Tanzania Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilianza kuwabariki wanawake mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya mabishano ya muda mrefu, wakati Waanglikana wa nchi hiyohiyo bado hawana msimamo mmoja, dayosisi moja ikikubali na ya jirani ikikataa. Jeshi la Wokovu halikuwahi kuwa na tatizo hili tangu mwanzo wake, na lilipata Jenerali mwanamke, Evangeline Booth, mwaka 1934. Waadventista Wasabato walipiga kura katika mkutano wao mkuu wa San Antonio mwaka 2015, wajumbe 1,381 wakikataa na 977 wakikubali kila divisheni, yaani kanda ya kanisa hilo duniani, ijiamulie kuhusu kuwawekea wanawake mikono. Jambo la kutafakari ni kwamba kanisa hilohilo linaamini kuwa karama ya unabii ilidhihirika kwa mwanamke, Ellen White, aliyekufa mwaka 1915, ambaye maandishi yake husomwa na wachungaji wote wanaume, na ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kuwekewa mikono katika ibada.

Kuhusu mama yako, Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1994 kwamba Kanisa Katoliki halina kabisa mamlaka ya kuwapa wanawake daraja la upadre, na kwamba waamini wote wanapaswa kuushika uamuzi huo moja kwa moja. Lakini asikuambie kwamba wanawake wa kanisa lake hawafundishi. Mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Teresa wa Avila na Katarina wa Siena kuwa Walimu wa Kanisa, cheo ambacho Wakatoliki huwapa watu wachache sana ambao mafundisho yao yanalifaa kanisa lote, mapapa wakiwamo; leo wanawake hao ni wanne. Katarina hakuwa hata mtawa wa ndani, na aliwaandikia mapapa barua kali. Mwaka 2021 Papa Fransisko alifungua rasmi huduma za usomaji na utumishi wa altare kwa wanawake, jambo ambalo parokia nyingi zilikuwa zikilifanya bila kuliandika.

Kwa hiyo nenda kasome. Kusoma theolojia hakukufungi kuwa kasisi, na kanisa ndilo litakaloamua kama wito wako ni wa kweli, kama linavyowaamulia wavulana, ambao wengi wao nao hurudishwa nyumbani.

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa. Usharikani kwetu kila kitu kinafanywa na akina mama: kutembelea wagonjwa, kupika kwenye mikutano ya injili, kufariji wafiwa, kufanya usafi. Sisi wanaume tumebaki kuhesabu sadaka na kukaa vikao. Vijana wa kiume wananiuliza kama kuna karama za kiume, nami nimekosa la kuwajibu. — *Mzee wa kanisa, Moshi*

JIBU: Marahaba, mzee mwenzangu. Nimefurahi kwamba swali hili limeulizwa na mwanamume, kwa sababu mazungumzo ya karama yameelemea mno upande wa yale ambayo wanawake wanakatazwa, na hatujiulizi ni mangapi wanaume wamejisamehe wenyewe.

Wambie vijana wako wasome Matendo 6. Kanisa la kwanza lilipopata manung'uniko kuhusu chakula cha wajane, mitume waliagiza wachaguliwe watu saba, wenye kujawa na Roho na hekima, wahudumie mezani. Wote saba walikuwa wanaume, na majina yao yameandikwa. Stefano, shahidi wa kwanza wa imani yetu, aliingia katika huduma kwa mlango wa jikoni. Ukarimu, ambao siku hizi tumeukabidhi kwa Umoja wa Wanawake, umo katika sifa za askofu kwenye 1 Timotheo 3, na mwenyeji anayesifiwa mwishoni mwa Warumi, Gayo, ni mwanamume. Kurehemu ni karama katika Warumi 12, na haikuandikwa kwamba ni ya akina mama.

Tena hata hizo sadaka mnazohesabu, asili yake haiko mikononi mwenu peke yenu. Luka 8 inamtaja Yoana mke wa Kuza, Susana na wengine wengi waliokuwa wakimhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao. Lidia wa Filipi alikuwa mfanyabiashara wa rangi ya zambarau aliyewapokea mitume nyumbani kwake, na Fibi wa Kenkrea anatajwa kuwa msaidizi wa watu wengi, Paulo akiwa mmoja wao. Mkitaka kuanza mahali, katika mkutano wa injili ujao wanaume wapewe zamu ya jikoni siku mbili, na akina mama wawili waingizwe katika kamati ya fedha. Wali ukiungua siku ya kwanza, vumilieni.

SWALI: Mtumishi, naomba msaada. Kuna nabii wa kike amefungua huduma hapa mtaani. Alinitabiria kwamba biashara yangu imefungwa na ndugu, na kwamba nikitoa sadaka ya mbegu kwa awamu tatu mafundo yatafunguka. Nimetoa awamu ya kwanza. Shemeji yangu anasema ni wa uongo kwa sababu mwanamke hawezi kuwa nabii. Je, ni kweli? — *Mfanyabiashara, Mwanza*

JIBU: Shemeji yako huenda amefika mahali sahihi kwa njia mbaya. Kama tulivyoona hapo juu, Biblia ina manabii wanawake, kuanzia Miriamu na Debora hadi binti wa Filipo, kwa hiyo uanamke wake hauthibitishi lolote dhidi yake. Ubaya wa kipimo cha shemeji ni kwamba kesho akija nabii wa kiume na mbegu zilezile, shemeji atakuwa wa kwanza kupanga foleni. Mwezi Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi katika msongamano wa waumini waliokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, na aliyewaita kwenye mafuta hayo alikuwa mwanamume.

Kipimo cha Biblia ni kimoja kwa wote. Paulo aliwaandikia Wathesalonike: "msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Katika 1 Wakorintho 14 manabii wawili au watatu wanene na wengine wapambanue, kumaanisha kwamba unabii husemwa mbele ya watu wenye haki ya kuupima, si chumbani kati ya nabii na mteja. Katika Ufunuo 2 kanisa la Thiatira linakemewa kwa kumvumilia mwanamke aliyejiita nabii, aitwaye Yezebeli, na ukisoma kwa makini utaona kwamba kosa lake ni kuwapoteza watumishi wa Mungu wazini na kula vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu. Angekuwa mwanamume na mafundisho hayo, hukumu ingekuwa ileile.

Sasa upime ulichoambiwa. Unabii huo umekugombanisha na ndugu zako bila ushahidi wowote, na umepangiwa bei. Elisha alipomponya Naamani alikataa zawadi hata aliposihiwa, na Gehazi, aliyemkimbilia kwa siri kuchukua fedha, aliondoka na ukoma. Nenda kwa mchungaji wako wa siku zote, umweleze maneno yote uliyoambiwa kama yalivyosemwa, na usiwaambie ndugu zako habari ya kukufunga biashara. Kaa na daftari la duka uangalie mauzo, mikopo na madeni ya wateja ya miezi iliyopita, maana biashara huwa na sababu zake za kudorora. Fedha ya awamu ya kwanza huenda isirudi, ingawa una haki ya kuidai, tena ukiwa na shahidi. Ila awamu ya pili na ya tatu usitoe, na kama ulikuwa umeanza kutafuta mkopo kwa ajili hiyo, usitie saini.